Mstaafu na Rundo la Blauzi

Kazi yangu ni kunyamaza, na ninalipwa kwa hilo. Nilipomweleza mama yangu mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta, maana katika watoto wake sita mimi ndiye niliyeshtakiwa na kila mwalimu kwa ajili ya mdomo. Hata leo nikiwa kazini ulimi unaniwasha. Mtu ananiambia amemnunia mkewe miezi miwili kwa sababu ya rangi ya pazia, na mimi, badala ya kumwambia "wewe baba una wazimu," natakiwa nimtazame kwa upole nimuulize pazia lile lina maana gani kwake. Basi nauliza. Lakini Mungu ananiona ninavyouma meno.

Ofisi yangu iko Mchafukoge, katikati ya jiji la Dar, ghorofa ya tatu, katika jengo la zamani ambalo ngazi zake zimelika katikati. Chini kuna duka la vitambaa vya mapazia la mama mwenye nyumba, mama wa Kihindi aliyevuka miaka sabini, aliyezaliwa katika jengo hilohilo na anayejua kila mtu anayepanda na kila anayeshuka. Mimi sina chumba cha wateja kusubiri. Wanasubiri dukani kwake, kwenye benchi, na hapo ndipo shida zangu zinapoanzia.

Mama yule hawezi kumuona mtu ana majonzi akamwacha hivihivi. Anampa chai ya tangawizi, anamuuliza, anaambiwa, halafu anatoa hukumu. "Wewe panda juu, yule dada atakuuliza maswali mpaka jua lizame. Mimi nakwambia bure: rudi kwa mke wako, kula chakula, lala." Wengine wanarudi kweli kwa wake zao, wala hawapandi. Nimewahi kukaa na kiti kitupu mbele yangu saa nzima wakati mteja wangu ameshapona huko chini kwenye mapazia. Kumlalamikia siwezi, jengo ni lake, na chai yake ni nzuri kuliko ushauri wangu wa siku nyingi.

Nje ya mlango nimeandika kwamba nawasaidia watu wazima na wanandoa wakati wa mabadiliko ya maisha. Yaani kustaafu, kufiwa, kuachika, mtoto wa kwanza kuja, mtoto wa mwisho kuondoka. Nilipomaliza mafunzo nilidhani watu watakuja wawiliwawili, wakae, walie kidogo, waelewane. Kumbe sisi ndoa haijawahi kuwa ya watu wawili. Wanandoa wangu wa kwanza kabisa walikuja na watu kumi na mmoja, akiwemo mshenga aliyepeleka posa, na shangazi aliyebeba albamu ya harusi kama ushahidi. Walinipangia wao wenyewe nani aanze kusema. Mwisho shangazi akaniuliza, "Haya daktari, nani mwenye makosa?" Mimi si daktari. Nikamwambia sitoi hukumu. Wakatazamana, wakashuka kwa mama wa mapazia.

Sasa niwaeleze habari ya mzee mmoja na mama, mkewe. Mama mwenyewe kaniruhusu niandike, kwa sharti moja tu, nimwandike mwembamba. Basi alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, muuza mitumba wa soko la Mchikichini kwa zaidi ya miaka ishirini. Mumewe alikuwa mtunza stoo wa karakana moja kule mtaa wa Gerezani, stoo ya vipuri, na alikuwa amestaafu miezi minane kabla hawajaja kwangu. Wote ni watu wa kusini, wa upande wa Masasi, wameishi Dar na ndoa yao ina miaka thelathini na moja.

Niliinuka nikawaamkia. "Shikamoo baba, shikamoo mama." Wakaitikia marahaba, wakakaa. Huu ni mtihani wa kazi yangu ambao hakuna aliyenifundisha. Ukishampa mtu shikamoo yako, halafu umuulize kama bado analala kitanda kimoja na mkewe, ulimi unakuwa mzito kama umekula ndizi mbichi.

Mama hakunisubiri nimuulize kitu. "Mwanangu, mimi sijaja kusuluhishwa. Nimeshapata chumba. Mwisho wa mwezi, Jumamosi, nahama. Nimekuja tu ili asije akasema sikumwambia mbele ya mtu."

Nikamtazama mzee. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa anatazama rafu yangu ya vitabu.

"Baba, unasikiaje kusikia hivyo?" nikamuuliza.

"Nasikia," akasema. "Hivi vitabu vyako, mwanangu, umevipanga kwa utaratibu gani?"

"Unaona?" mama akasema. "Umeona mwenyewe sasa?"

Nikaona, na niliyoyasikia baada ya hapo nikayaona pia. Mzee alipoletewa zawadi ya saa ya ukutani na keki ya kumuaga, alirudi nyumbani, akapumzika siku mbili, siku ya tatu akaingia jikoni. Akayapiga masufuria yote namba kwa rangi nyekundu, kwenye kitako, moja mpaka kumi na nne. Miiko ikatundikwa kwa urefu. Viungo vikabandikwa karatasi: BIZARI, ILIKI, MDALASINI. Pilipili manga akaipeleka rafu ya juu kabisa kwa sababu, alisema, haina mzunguko mkubwa. Mama akitoka sokoni amechoka, anamkuta mzee amesimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, anauliza sufuria namba nne imerudi au bado.

"Nikipika anasimama," mama akaniambia. "Nikitia chumvi ananiuliza, unatia chumvi sasa hivi? Nikioga anauliza nje ya mlango, umemaliza sabuni ile ya kwanza? Mwanangu, mimi nimekaa na huyu mtu miaka thelathini na moja kwa sababu asubuhi alikuwa anaondoka."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, na nilitaka kumshika mzee mabega nimtikise. Sikufanya hata kimoja. Nilifanya nilichofundishwa, nikanyamaza. Darasani tuliambiwa ukimya ni chombo: ukinyamaza vya kutosha, mtu ataingia ndani ya nafsi yake na kutoka na jambo la kweli. Haya ni maneno mazuri, lakini aliyeyasema hakuwahi kuishi mjini hapa, ambapo mtu akikunyamazia ujue amekununia. Mama alifikiri nimemkasirikia. Akaanza kuniomba radhi. Mzee yeye aliona nafasi imepatikana, akainuka, akaenda kwenye rafu, na ndani ya dakika kumi za ukimya wangu wa kitaalamu akavipanga vitabu vyangu vyote kwa kimo. Kisha akagundua kiti changu kinayumba. Akaniinua, akakiinamia kukikaza. Nikamaliza kikao cha kwanza nimesimama.

Nilikuwa na wiki tatu kabla ya Jumamosi ya kuhama, na niseme ukweli, nilitaka sana mama asihame. Hilo halitakiwi. Mimi natakiwa niwe katikati, nisitake chochote. Lakini kila walipoondoka nilimuona mzee akimpisha mkewe ngazini, akimwonyesha kwa kidole pale ngazi ilipolika zaidi, na moyo uliniuma. Mtu huyu hajui kupenda ila kwa kuonyesha kitu kilipo, na mkewe amechoka kuonyeshwa.

Basi wiki iliyofuata nikawa na akili nyingi. Kuna zoezi tulifundishwa: kila mmoja akae siku moja katika dunia ya mwenzake. Aione, aionje, asiseme neno. Nikaona hili ndilo lenyewe. Mama akae nyumbani siku nzima peke yake, aone upweke wa mstaafu. Mzee aende Mchikichini kwenye meza ya mkewe, aone jasho la mkewe.

"Peke yangu, nyumbani, siku nzima?" mama akauliza. Macho yaling'aa kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa.

"Na mimi nifungue meza?" mzee akauliza, naye akakaa wima. Nilijiona bingwa. Nilishuka ngazi naimba.

Zoezi likafanyika Jumanne. Saa sita kasoro mama akanipigia simu. Hakunisalimu. "Mwanangu, jirani yangu wa sokoni kanipigia. Njoo Mchikichini. Njoo uone dunia yangu."

Sheria za kazi zinakataza kumfuata mteja nje ya ofisi. Nilipanda bodaboda nikiwa bado nazikumbuka.

Sijui kama wewe msomaji umewahi kununua nguo kwenye rundo. Kama umewahi, unajua raha yake. Belo linafunguliwa, nguo zinamwagwa mezani kama mlima, na watu wanaingiza mikono mpaka kwenye viwiko. Unachambua. Unavuta mkono wa shati, kumbe ni gauni. Mwenzako kashika upande wa pili, mnavutana, mnacheka, mnatukanana kidogo. Kile utakachokipata ni chako kwa sababu umekifukua mwenyewe. Kikikunjwa kikawekwa vizuri, mtu anajua tayari kimechambuliwa, vizuri vimeshaondoka, au hapa ni duka na bei imepanda.

Mzee alikuwa amefika alfajiri. Alikuwa ameukunja mlima wote. Blauzi zilikaa safu nne, pembe kwa pembe, kama matofali, ndogo, kati, kubwa, na safu ya mwisho aliiandika ZISIZOELEWEKA. Kila safu ilikuwa na karatasi yake yenye mwandiko wa stoo. Mbele ya meza alikuwa amefunga kamba, ili wateja wasiguse. Ukitaka blauzi unamwambia saizi na rangi, yeye anageuka, anakutolea moja, anasubiri.

Meza zote za jirani zilikuwa zimejaa watu. Kwa mzee palikuwa hapana hata nzi. Kina mama walipita, wakatazama, wakashusha sauti kama wanapita msibani. Muuza sketi wa meza ya pili alikuwa ameinamia mtumba wake mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Na mama alikuwa amekaa juu ya belo ambalo halijafunguliwa, kanga imemfika kidevuni.

Hapo ndipo kazi yangu iliponitoka. Mdomo wangu wa shule ya msingi ulirudi wote, na faida yake. "Baba," nikasema, na sauti yangu ilifika mpaka kwa wauza viatu, "una nini wewe? Nani amekutuma ufunge kamba? Nilisema uone. Uone! Hii si stoo, huyu si karani wako, ni mke wako, na Jumamosi anaondoka, na wewe unakunja blauzi!"

Soko likatulia. Muuza sketi akaacha kucheka. Niliona aibu ikinipanda kutoka miguuni. Mimi, mtaalamu wa ukimya, nimempigia kelele mtu niliyempa shikamoo, mbele ya Mchikichini nzima.

Mzee alikuwa ameshika blauzi moja ya bluu, akamalizia kuikunja.

"Mwanangu," akasema, "miaka thelathini watu walikuwa wanakuja dirishani kwangu. Fundi anakuja, meneja anakuja, wote wanauliza, mzee, kitu fulani kiko wapi? Na mimi najua. Usiku wa manane ungeniamsha ningekwambia. Niliporudi nyumbani nikakuta kila kitu anajua yeye. Mimi nilikuwa sijui hata chumvi inakaa wapi. Mtu asiyejua chumvi inakaa wapi, katika nyumba hiyo yeye ni nani?"

Nikamgeukia mama nikiwa na uhakika kwamba sasa, sasa hivi, atainuka.

Akainuka kweli. Akafungua kamba. Akaingiza mikono miwili katikati ya safu ya kati, akaisambaratisha, akazichanganya blauzi zote zikawa mlima tena, na kabla hajamaliza wateja sita walikuwa wameshaingiza mikono. Kisha akamwambia mumewe, taratibu, bila hasira hata chembe, "Nimekusikia, baba watoto. Pole. Lakini Jumamosi nahama."

Nilirudi ofisini kwa miguu. Mama wa mapazia alinitazama mara moja tu akanimiminia chai. Nikamweleza bila kutaja mtu, ingawa wote aliwajua kwa sababu walisubiri kwenye benchi lake. Akafikiri. "Umeharibu," akasema. Nikamwambia najua.

Mama alikuja peke yake siku mbili kabla ya kuhama. Nikamwomba radhi kwa kelele za sokoni. Akasema nisijali, wateja waliongezeka siku ile, walidhani kuna ugomvi wakaja kutazama. Ulimi uliniwasha nimwambie mama usiende, umemsikia, mtu wako ana uchungu, mvumilie. Nilijua maneno yote. Nikayameza moja moja, nikamuuliza, "Huko chumbani kuna nini?"

"Hamna kitu. Godoro na jiko la mafuta."

"Na utafanya nini?"

Akafikiri muda mrefu, na safari hii nilinyamaza bila kujaribu kunyamaza. "Mimi nilitoka kwa baba yangu nikaingia kwake," akasema. "Nyumba ile aliipata yeye, akanileta. Sijawahi kuwa na mlango. Nilikuwa nao mchana tu, akienda kazini, nilikuwa najidanganya ni wangu. Sasa karudi kuuchukua, na wala hajui kama ameuchukua. Simchukii. Lakini nitamchukia nikibaki."

Jumamosi akahama, na mkokoteni mmoja ulitosha. Mzee, nilisikia baadaye, ndiye aliyefunga mizigo, na aliifunga vizuri mno. Mimi nilikaa wiki nzima najiona nimeua ndoa ya miaka thelathini na moja kwa zoezi la darasani, na mama wa mapazia hakunisaidia, kila akiniona anatikisa kichwa. Mzee hakuja tena ofisini. Nilimpigia mara mbili, akaniambia yuko salama, akaniuliza kama kiti bado kinayumba.

Baada ya mwezi na zaidi mama akanialika. Ameletewa ming'oko kutoka nyumbani, kaichemsha, nije nile. Ming'oko ni viazi vya porini vya kwao kusini, alisema; mimi ni mtu wa Tanga, nilikuwa sijawahi kuvila. Kwenda kwa mteja kula chakula chake ni kosa lingine la kikazi. Nikaenda siku ya Ijumaa alasiri.

Chumba kilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, kwenye ua wa wapangaji watano. Alikuwa na mkeka, godoro, jiko, na nguo zimerundikwa kwenye kona bila adabu yoyote. Alikuwa amesuka nywele. Nikala ming'oko, nikaisifia. Nikawa natafuta njia ya kumuuliza habari za mzee bila kuonekana namuuliza, na hapo mlango ukagongwa.

"Hodi."

Sauti niliijua. Nikaweka sahani chini. Mama akanyanyua kidole, nisiseme kitu. Akajitengeneza kanga. Akachukua kioo kidogo akajitazama meno.

"Hodi wenyewe," mzee akasema nje.

"Mama, mjibu," nikanong'ona.

"Ngoja kidogo," akaninong'oneza, anatabasamu kama msichana wa miaka kumi na tisa. "Anakuja kila Ijumaa. Kila mara namchelewesha. Mwanangu, miaka thelathini na moja huyu mtu hajawahi kunipigia hodi. Alikuwa anaingia tu."

Ikaja ya tatu, sauti ya chini zaidi. "Hodi."

Kwetu hodi ni tatu. Ukipiga tatu usipojibiwa unaondoka, hulazimishi, huo ndio ustaarabu tuliolelewa nao sote. Mama naye alijua. Alikuwa bado anatabasamu na kioo mkononi tuliposikia kandambili zikigeuka. Hatua moja. Hatua ya pili, zinaelekea langoni.

Tabasamu likamtoka. Niliona limetoka lote, na lililobaki usoni mwake nililiona kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alikuwa ameogopa. Kioo kikaanguka kwenye mkeka, akainuka bila viatu, akajikwaa kwenye jiko, akauvuta mlango kwa mikono miwili.

"Karibu," akasema. "Karibu, baba. Karibu ndani."

Mzee alikuwa ameshafika langoni. Akageuka. Alikuwa na shati jeupe, kalamu hazimo.

"Nilidhani hupo," akasema.

"Nipo," mama akasema. "Nipo."